Santuri za wazee wetu zataka sindano nyepesi

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeifundisha kwa takriban miaka kumi na mitano, na kila mwaka wanafunzi wangu huniandikia maelezo yale yale: mbacha ni mkeka mkuukuu, msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na mja hatakiwi kuacha kilicho chake, hata kikichakaa, kwa kutamani kizuri kinachopita. Huwapa alama zao nami huendelea na kipindi. Sikutambua kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa na mbacha wake nyumbani, na kwamba alikuwa akiuchana kwa mikono yake huku akidhani anautunza.

Kwetu ni Kivaa, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos, nchi kavu ya pojo, mbaazi na jua kali. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wakati wa ujana wake, katika miaka ya sabini, aliimba sauti ya pili katika bendi ndogo ya vijana wa huko kwetu. Bendi hiyo haikupata umaarufu. Walikwenda Nairobi wakarekodi santuri moja tu, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye wimbo mmoja uliogawanywa katika sehemu mbili. Waligawana nakala chache walizopewa, kisha kila mmoja akashika njia yake. Nakala aliyoiacha baba ndiyo pekee ninayoijua. Picha zake tunazo kadhaa, na hati yake nzuri ya ualimu ingali katika madaftari ya zamani. Sauti yake, hata hivyo, haipatikani penginepo popote isipokuwa katika kipande hicho cha plastiki nyeusi.

Katika utoto wangu santuri hiyo, pamoja na nyingine zipatazo arubaini, ilichezwa kwa gramafoni ya betri. Umeme hatukuwa nao, ingawa ulizalishwa mlangoni petu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978 na Masinga 1981. Nyaya zilizobeba nguvu za mto Tana zilipita zikielekea mijini, nasi tukisoma kwa koroboi. Gramafoni ya baba ilipoharibika hapakuwa na fundi wa kuitengeneza, kaseti zilikuwa zimekwisha kuingia, na sanduku la santuri likasukumwa chini ya kitanda. Huko lilikaa hata baba alipofariki.

Umeme ulipofika nyumbani, nilifanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye mshahara angekifanya. Nilinunua Nairobi mashine ndogo ya kuchezea santuri, ya aina ile inayofanana na mkoba wa safari, yenye spika zake ndani. Ilikuwa rahisi, nyepesi na ya kupendeza macho. Nikaipeleka Kivaa wakati wa Krismasi. Mama alipoisikia sauti ya mumewe baada ya miaka mingi, alikaa kimya, akaniambia niirudie. Tuliirudia mchana na jioni, wageni wakija tukaicheza tena. Santuri ilipoanza kurukaruka, nilikumbuka dawa niliyoiona kwa wakubwa zangu: nilichukua sarafu ya shilingi tano nikaiweka juu ya kichwa cha sindano ili kuikandamiza. Sindano ikatulia. Nikajiona fundi.

Krismasi ya tatu, upande wa kwanza wa santuri ulianza kukwaruza. Pale ambapo baba humjibu mwimbaji mkuu, sauti ilivunjikavunjika. Mama alisikiliza, akaweka kikombe chake chini, akasema, "Mwanangu, mbona baba yako anakohoa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ninalo leo, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa najua walimu wengi na wanafunzi wengi wana sanduku kama letu chini ya kitanda cha mzee fulani. Tena siku hizi santuri zimerudi kwa kishindo. Nchini Marekani, mwaka 2022, santuri ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987. Hapa kwetu vijana wanazitafuta katika soko la Kenyatta Market jijini Nairobi, ambako Bw. James Rugami amekuwa akiuza santuri tangu mwaka 1989. Mashine za bei nafuu zimejaa madukani. Ni vyema basi tufahamu tunachokifanya tunapoishusha sindano.

Hebu tuanze na jina, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Neno "gramafoni" linatokana na maneno mawili ya Kiyunani: moja lahusu maandishi, la pili lahusu sauti. Emile Berliner, aliyebuni chombo hicho mwaka 1887, aliliteua jina lenye maana. Santuri ni maandishi. Mfuo mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu ni mstari mmoja mrefu ulioandikwa kwa mkono wa sauti yenyewe. Palipo na sauti nene mfuo hujipinda kwa mawimbi marefu, na palipo na sauti nyembamba hujipinda kwa mawimbi madogo mno yasiyoonekana kwa macho matupu. Sindano ndiyo msomaji. Hupita katika mistari hiyo ikitikisika, na kichwa kinachoishika hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme.

Sasa fikiri, ewe msomaji, juu ya mtu anayesoma kitabu kwa kupitisha ncha ya msumari juu ya kila neno. Akiupitisha kwa wepesi, atasoma mara elfu na kurasa zitabaki. Akiukandamiza, atasoma maneno huku akiyafuta. Ncha ya sindano ni ndogo sana, kwa hivyo hata uzito mdogo huwa mzigo mkubwa mahali inapokanyaga. Mashine nyingi za mkoba hukandamiza kwa gramu tano au zaidi. Mashine ya kawaida iliyorekebishwa vyema hukandamiza kwa gramu mbili hivi. Mimi niliichukua ile iliyokuwa tayari nzito, nikaiongezea sarafu. Sindano haikutulia kwa sababu nimeiponya. Ilitulia kwa sababu nilikuwa nimeilazimisha kuchimba njia yake katika sauti ya baba.

Huenda msomaji akadhani kwamba nitahitimisha kwa kumshauri auze ng'ombe ili anunue mashine ya kifahari. La hasha. Wako watu, hata miongoni mwa wenzangu chuoni, wanaosema kwamba asiye na pesa nyingi asiguse santuri kabisa. Kauli hiyo ni ya kiburi na si ya kweli. Mashine niliyo nayo sasa ni ya bei nafuu. Gharama yake haikufikia ile ya simu ninayoibeba mfukoni. Nimeishi nayo kwa miaka kadhaa na nimejifunza kwamba mambo yanayoilinda santuri ni machache, na mengi kati yake hayanunuliwi kwa pesa.

La kwanza ni mkono wenye uzito wa nyuma unaoweza kurekebishwa. Huzungushwa mpaka mkono uelee hewani bila kupanda wala kushuka, kama mizani iliyosawazishwa, kisha huongezewa gramu zile tu ambazo mtengenezaji wa sindano amezitaja. Zipo pia mashine za bei ya chini ambazo uzito wake umepangwa kiwandani kwa kiwango cha kufaa. Hizo nazo zinatosha, mradi kiwango hicho kijulikane kabla ya kununua. Mashine isiyoeleza uzito wa sindano yake, mtu na aiogope.

La pili ni sindano inayoweza kubadilishwa. Hata almasi huchakaa. Sindano ya almasi hudumu kwa saa kati ya 500 na 1,000 hivi, nayo ikiisha makali yake huwa kama kijembe. Ni heri kununua mashine ya bei ya chini na sindano mpya kuliko mashine ya fahari yenye sindano ya miaka ishirini. Na mwenye santuri za kale za mizunguko 78, zile nzito zinazovunjika kama vigae, ajue kwamba mifuo yake ni mipana zaidi na hutaka sindano yake maalumu. Sindano ya santuri za kisasa hupwaya ndani ya mifuo hiyo.

La tatu ni mwendo. Kuna mashine kuukuu zinazotoka Marekani ambazo mota yake hufuata mtikisiko wa umeme wa huko, mara 60 kwa sekunde. Umeme wetu hutikisika mara 50. Transfoma itapunguza nguvu kutoka volti 240, lakini haitabadilisha idadi hiyo, na santuri inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka chini ya mara 28. Mwimbaji wa kike atasikika kama mzee wa kiume aliyeamshwa usingizini. Nimeiona mashine ya namna hiyo ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, na muuzaji akiapa kwamba ni santuri ndiyo mbovu.

La nne ni kikuza sauti, au amplifaya kama mafundi wetu wanavyokiita. Umeme unaotoka katika kichwa cha sindano ni sehemu chache tu za elfu ya volti moja. Isitoshe, wakati wa kuchonga santuri, sauti nene hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 na kuenea duniani. Hapana budi kikuza sauti kigeuze mambo hayo kinyume. Vikuza sauti vya zamani vina tundu maalumu la gramafoni; vingi vya sasa havina. Mimi nilibahatika. Cha baba kilikuwa nacho, na fundi mmoja wa Matuu alikisafisha kwa bei ya kilo chache za nyama. Asiye na tundu hilo huhitaji kisanduku kidogo cha kati, na mashine nyingi za bei nafuu huja nacho ndani yake.

Hayo ndiyo ya kununua. Yaliyobaki ni ya kuishi nayo, na hapa Kivaa ina mafunzo yake. Mashine ya santuri huhisi kila kitu. Watoto wakicheza ngoma sebuleni, sindano huruka. Spika zikiwekwa juu ya meza ile ile, mngurumo wake huirudia sindano na kuzaa kelele nyingine. Nilijenga rafu ya mbao ukutani, nikaisawazisha kwa pima maji ya mwashi, na tangu hapo wajukuu wa mama wanaruka wapendavyo. Vumbi letu ni jekundu na halina adabu. Huingia hata mlango ukiwa umefungwa. Kwa hivyo kila santuri hupanguswa kwa brashi laini kabla ya kuchezwa, na hushikwa kwa ukingo na kitovu, kamwe si kwa vidole juu ya mifuo. Joto nalo ni adui. Santuri iliyolazwa chini ya paa la bati mwezi wa Februari hupinda kama chapati. Zetu husimama wima, kama vitabu, katika chumba cha ukuta mnene kisichopigwa na jua la alasiri.

Msomaji wangu mwanafunzi atauliza: haya yote ya nini, ilhali simu yangu ina nyimbo zaidi ya zile ambazo babu aliziona maishani mwake? Swali ni la haki na nitalijibu kwa kutazama lugha.

Santuri imeingia katika historia ya lugha zetu kwa njia ambayo hatuifikirii vya kutosha. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi santuri, na kwa santuri hizo sauti ya Kiswahili ikatoka katika mashine za kuzungushwa kwa mkono mbali na Unguja alikoanzia. Shaaban Robert aliona maisha ya mwanamke huyo kuwa yanastahili kitabu kizima. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwakuta wasichana wa Kikipsigis pale Kapkatet wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Tazama jinsi lugha ilivyolipokea jina la mgeni: sauti zake zikapangwa upya kwa kanuni za wenyeji, na silabi ya kwanza ikafanana na ile ya majina ya kike kama Chebet na Chepkoech. Mwalimu anayetafuta mfano wa utohozi hatapata ulio mtamu zaidi. Na tungeujuaje, lau Tracey hangaliwarekodi? Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, na mwaka 2015 nakala zilirudishwa kwa jamii ya waimbaji wenyewe.

Nikirudi Ukambani, Kikamba kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Katika maandishi sanifu, irabu hizo za ziada huandikwa kwa alama juu ya herufi i na u. Sote tunajua kinachotokea siku hizi. Katika ujumbe wa simu na mabango ya barabarani alama hizo huachwa, na kijana aliyekulia Nairobi hajui tena ni irabu ipi itamkwe. Santuri haiachi alama. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pamoja na bendi yake ya Kilimambogo, na kila irabu yake ingali mahali pake. Kalambya Sisters wanasikika wakitania kwa lafudhi ambayo hakuna kitabu cha sarufi kinachoweza kuieleza kikamilifu. Peter Mwambi na vijana wake wa Kyanganga nao ni hazina ya misemo. Mtafiti anayetaka kulinganisha Kikamba cha Masaku na kile cha Kitui, kama vilivyosemwa nusu karne iliyopita, atafanya vizuri kuanza na sanduku la santuri.

Hata umbo la nyimbo zetu lina mkono wa santuri. Upande mmoja wa santuri ndogo huchukua dakika chache tu, kwa hivyo wanamuziki wa benga waliugawanya wimbo: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi hadithi husimuliwa upande wa kwanza, na upande wa pili magita hupewa uwanja huku waimbaji wakitaja majina, wakisalimu na kuchekesha. Anayesikiliza kwa simu hupata vipande viwili vilivyogundishwa, au kimoja tu. Anayeinuka kitini kuigeuza santuri huelewa kwa mwili wake kwa nini wimbo ulisimama pale uliposimama.

Nyimbo nyingi za namna hii haziko kwenye simu. Waliorekodi walikuwa wengi, wakiwemo vijana wa bendi ndogo kama ile ya baba, na zilizochukuliwa na kupandishwa mtandaoni ni zile za wenye majina makubwa. Hata hizo aghalabu zilinakiliwa kutoka santuri zilizokwisha kuchakazwa, kwa sindano nzito kama yangu ya kwanza. Kikohozi cha babu kimenakiliwa pamoja na babu.

Simwambii mtu atupe simu yake. Kinyume cha hayo, simu na kompyuta ndizo zitakazoziokoa sauti hizi, mradi kazi ifanywe kwa utaratibu unaofaa. Kwanza santuri isafishwe. Pili ichezwe kwa mashine ya staha, yenye sindano nyepesi na mwendo sahihi. Tatu inakiliwe mara moja, vizuri, na nakala ihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja. Kisha santuri yenyewe ipumzishwe, ichezwe siku za heshima. Ikumbukwe vilevile kwamba kunakili ili kuhifadhi si ruhusa ya kuuza. Wasanii wetu waliporwa vya kutosha na wanakili wa kaseti, na wengine wamezikwa kwa michango huku nyimbo zao zikivuma.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, na mtaala wa sasa unazipa lugha hizo nafasi katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Walimu wanalalamika, tena kwa haki, kwamba vitabu ni haba. Mashine moja ya santuri ya bei nafuu, ikinunuliwa na shule moja na kutunzwa na mwalimu mmoja mwangalifu, inaweza kuhudumia kijiji kizima. Wanafunzi waende makwao waulizie masanduku. Walete santuri kwa idhini ya wenyewe, zinakiliwe, zirudishwe siku hiyo hiyo. Kisha waketi na wazee wayaandike maneno ya nyimbo kwa maendelezo kamili, alama za irabu zikiwa mahali pake. Kazi hiyo moja itawafunza imla, fasihi simulizi, historia na unyenyekevu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaonijia kila mwaka wakilia kwamba hawana mada ya tasnifu, nao wasifikiri kwamba hadithi hii haiwahusu.

Muda upo mchache. Wanaozijua nyimbo hizi kwa moyo wamekwisha kuvuka miaka sabini. Yule mzee pekee wa bendi ya baba ambaye yungali hai alitutembelea mwaka jana, akasikiliza, akanitajia majina ya watu watatu wanaosalimiwa mwishoni mwa wimbo. Mmoja wao alikuwa dereva wa basi lililowapeleka Nairobi na kukataa nauli yao. Jambo hilo halikuandikwa popote. Laiti angalikuja baada ya santuri kuisha kabisa, lingekwenda naye.

Nimalizie nilikoanzia, nyumbani kwetu. Mashine ya pili haikuuponya upande wa kwanza wa santuri ya baba. Mfuo uliochimbwa hauzibiki, na hakuna fundi wala kompyuta itakayonirudishia kile nilichokifuta kwa sarafu ya shilingi tano. Upande wa pili, hata hivyo, tulikuwa tumeucheza mara chache, kwa kuwa wageni walipenda ule wa kwanza. Nilipoishusha sindano nyepesi juu yake, sauti ya baba ilitoka safi, akiwajibu wenzake na kucheka kidogo kabla ya gita kumfunika. Nimeinakili, na ndugu zangu wote wanayo.

Mama hausikilizi tena upande wa kwanza. Jioni, nikiwa likizoni, huniambia tu, "Niwekee ule ambao hakohoi." Nami huinuka, nikapangusa vumbi, nikaishusha sindano polepole.